Mwalimu Aliyelalisha Kazi Zetu

Jina lake silitaji, na mtu asidhani kwamba ni heshima. Ni kwamba nikilitamka kinywa kinachachuka. Kalemie nzima tulimwita Mwalimu, naye aliitika kana kwamba hakuna mwalimu mwingine aliyepata kuumbwa. Alifundisha watu kuandika kwa kompyuta katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la fotokopi, upande wa stesheni ya gari la moshi. Wanawake wengi unaowaona leo nyuma ya meza za ofisi mjini kwetu walipita kwake, na mimi ni mmoja wao. Nilichojifunza pale ndicho kinachonilisha, lakini simshukuru.

Nianze na ule ukucha. Kidole kidogo cha mkono wake wa kulia kilikuwa na ukucha mrefu wa manjano, na ukucha huo ulikuwa na kazi zake. Aliutumia kuchokonoa sikio. Kisha alikitazama ulichotoa, akaufuta kwenye suruali, akauingiza katikati ya vibonye vya kompyuta kutafuta makombo. Makombo yalikuwa yake mwenyewe, maana kila asubuhi alikula ndagala wakavu juu ya mashine, wamefungwa katika kipande cha karatasi, na vichwa vya wale dagaa vilizama humo humo kati ya herufi. Chini ya meza aliweka kopo la nyanya la kutemea. Alikohoa, akatema, akainama begani kwako kukuonyesha herufi iko wapi, nawe ulibana pumzi mpaka aondoke.

Herufi A na E zilikuwa zimefutika kabisa. Tulizitambua kwa utelezi wa mafuta. Siku moja Mama Zaina, ambaye habari zake zinakuja, alibonyeza kibonye kirefu cha nafasi, akatoka mende mdogo, akasimama katikati ya vidole vyake. Mama Zaina alipiga yowe. Mwalimu alimrusha yule mende kwa ukucha wake, wala hakushtuka.

“Endelea, Mama,” alisema. “Naye amekuja kusoma.”

Tulicheka, kwa sababu alijua kuchekesha, hilo simnyimi. Lakini nilipoleta kitambaa na maji kidogo ya sabuni siku iliyofuata, alinipokonya mkononi kabla sijagusa vibonye. “Klavye haipanguswe! Mafuta ya vidole njo inafanya inakuwa laini.” Kitambaa changu akakitumia kufutia kiatu.

Na huyo huyo, nakuapia, hakuwahi kuvaa shati lenye doa. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi ya mkaa, kola imesimama. Usiniulize aliwezaje kula ndagala bila kujidondoshea, maana hata mimi sijui. Na ukurasa kwake ulikuwa kitu kitakatifu. Pambizo isiyo sawa ilimuuma kama jino. Alikuwa akisema, “Ukurasa njo uso ya muntu,” yaani ndio uso wake, na akiona uso wako umekaa vibaya alikurudisha mwanzo, hata kama umebakiza mstari mmoja.

Mikono yake ilizoea taipureta, na hapo ndipo penye shina la mambo yote. Ujana wake wote aliandika barua za wakubwa ofisini kwa mashine ile ya chuma. Kompyuta aliipokea kama taipureta iliyobandikwa televisheni. Alitufundisha kwamba mstari ukikaribia ukingo ni lazima uukate mwenyewe. Alisimama nyuma yetu na rula, na maneno yalipofika ukingoni alipiga kengele ya taipureta kwa mdomo, “Ting!”, nasi sote tukabonyeza kibonye cha kushuka. Kichwa cha habari tulikiweka katikati kwa kuhesabu nafasi. Kufuta kosa alikataza kabisa. “Kosa haifutwe. Inabaki pale, ikuangalie.” Mpaka leo zipo ofisi mjini kwetu ambapo ukiongeza neno moja kwenye barua, mistari yote inavunjika ovyo, nami nikiona hivyo najua aliyeandika alifunzwa na nani.

Mchana lilikuwepo darasa la wamama. Mimi ndiye niliyekuwa binti kati yao. Mama Zaina alikaa kwenye mashine iliyo karibu na dirisha. Huyu ni mama wa Kiislamu, wa familia iliyokaa ufukweni tangu enzi za wafanyabiashara wa ziwani, mpole, mwenye mikono iliyozoea kusuka mikeka. Hakuja kutafuta kazi ya ofisi. Alikuja na mama yake mzazi, kikongwe ambaye sote tulimwita Nkambo, ndivyo tunavyowaita mabibi zetu. Nkambo alikuwa mtu wa mwisho mjini aliyezijua zote nyimbo za kumwosha bibi harusi, kwa Kiholoholo. Siku ya kuolewa, wanawake humzunguka binti, wakaanza na wimbo wa miguu, ukafuata wa mikono, kisha wa mgongo, na mwisho wimbo wa uso, ambao hakuna binti anayeusikia asilie. Mama Zaina alikuzwa kwa Kiswahili. Alijua kuitikia tu, maneno yenyewe hakuyashika. Zaina, binti yake, alikuwa ameshachumbiwa, na kifua cha Nkambo kilikuwa kikilia kama mlango mbovu. Nyimbo zisipoandikwa kabla pumzi haijamwisha, zilikuwa zinakwenda naye kaburini.

Mtu mmoja alimshauri Mama Zaina amrekodi kwa simu. Nkambo alikataa katakata. “Sauti ya maiti iimbe mu harusi? Munataka kumuolesha mutoto ama kumuzika?” Maneno yaandikwe, alisema, walio hai watayatilia sauti zao.

Basi masika yote yule kikongwe aliletwa darasani, akaketi kando ya bintiye, akajifunika kitenge, akawa anaimba polepole, neno kwa neno, na Mama Zaina anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Mwanamume hapaswi kuzisikia nyimbo hizo. Mwalimu alitaka kutoka nje, lakini Nkambo mwenyewe alimzuia. “Kaa. Mwalimu ni kama munganga. Munganga haoni uchi, anaona ugonjwa.” Akakaa. Na mara nyingine aliinama akarekebisha neno, kwa maana Kiholoholo kumbe alikifahamu, ingawa kwa kinywa chake hatukuwahi kumsikia akikisema.

Hapo nitamtendea haki, kisha nitarudi kwenye hasira zangu. Kiti alichokalia Nkambo kilikuwa cha Mwalimu. Alimpokea kikongwe barabarani, aliposhushwa kwenye pikipiki, akamshika mkono mpaka ndani, na ule mkono wake wa ukucha ulikuwa mwangalifu. Hakuwahi kumgusa mwanafunzi vibaya, na sote tunawajua walimu wa mji huu ambao huwezi kusema hivyo juu yao. Chai yake aligawa kwa yeyote aliyekuja na njaa. Ndiyo maana tulimwamini. Angekuwa mbaya pande zote, tungejihadhari naye mapema.

Sasa sikia alivyokuwa akimaliza somo. Kila jioni alisema, “Macho ku ukuta.” Nasi wanawake wazima, wengine wakiwa na wajukuu, tuligeuza viti tukatazama ukuta, wakati yeye akipita kutoka mashine hadi mashine. Alisema analalisha kazi. Kazi iliyoandikwa mchana lazima ilale, ili siku ya kuchapwa iamke nzima, na mashine ikitaka kulala huuliza jambo, jambo hilo linamhusu mwenye nyumba. “Masini inauliza mwenyewe, haiulize wageni. Muntu akivua nguo, mutamuangalia?” Tulisikia vibonye vichache, kohoo moja, basi, tukaambiwa tugeuke. Kesho yake tulianza ukurasa mweupe. Mama Zaina aliwahi kuomba aone kidogo alichoandika juma lililotangulia. Mwalimu alimtazama kana kwamba ameomba kufukua kaburi. “Kazi inayolala haiamshwe mbele ya siku yake.”

Leo watoto watacheka. Mtoto wa shule anajua kuhifadhi kazi kabla hajajua kujipangusa kamasi. Lakini wakati ule mashine hizo tulizigusa kwa mara ya kwanza, na aliyetushika mkono ndiye aliyekuwa na akili zetu.

Mashine ya kuchapa haikuwa na wino. Wino ulikuwa unatazamiwa kutoka Kigoma, kwa boti, na boti ya wino hupita kila inapotaka. Ulipofika, Mama Zaina alishona nguo mpya. Nkambo aliletwa, amepakwa mafuta, amevaa shanga zake. Sisi wengine tulikuja tu kushuhudia. Mwalimu aliketi kwenye mashine iliyo karibu na dirisha, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso na kudondoka juu ya herufi. Ile kola nyeupe ililowa. Mwishowe alisimama, akasema, bila kumtazama mtu, “Iko nalala nzito. Mukuje kesho.”

Kesho ikawa keshokutwa. Keshokutwa ikawa juma lijalo. Kila mara Mama Zaina alikwenda, kila mara alirudi na kesho nyingine. Alimpelekea samaki, eti labda Mwalimu amechoka.

Katikati ya hayo nikapata kazi ya majaribio katika ofisi moja ya mkoa. Siku ya kwanza niliandika barua, nikataka kufunga, kikatokea kisanduku kikiuliza kwa Kifaransa kama nataka kuhifadhi. Palikuwa na Oui, ndiyo, palikuwa na Non, hapana. Mama aliyekuwa akinifundisha kazi alibonyeza Oui, akaandika jina, akachagua pa kuweka, akaifunga barua. Kisha akaifungua tena, nayo ilikuwepo yote. Nilikaa kwenye kile kiti. Palepale nikaelewa kwamba hatukupaswa kuanza ukurasa mweupe kila siku.

Jioni nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Nilimkuta peke yake, anakula.

“Mwalimu, tukiangalia ukuta, masini ilikuwa inakuuliza nini?”

Alitafuna kwanza. “Inauliza kama unataka kuhifazi.”

“Na weye unajibu?”

“Non.”

Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa. Nilimuuliza kwa nini.

“Mwana, ukijibu Oui, iko nauliza ingine. Jina gani? Unaweka wapi? Nilijaribu mara moja, ikanitolea dirisha kubwa, nikang’oa fili ya umeme ku ukuta, masini ikazima. Miye nimetumika mu biro ya wakubwa. Mukubwa akikuuliza kintu, sema hapana, utarudi nyumbani. Ukisema ndiyo, njo maulizo inaanza.”

Nilimtazama. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mwizi, na mwizi angalau unajua kumshika. Huyu alikuwa mwoga, mwoga wa kisanduku, na kwa woga huo alikuwa amefuta masika yote ya kikongwe, wimbo kwa wimbo, kila jioni, huku sisi tumegeukia ukuta. Mafuta ya ndagala yalikuwa yanang’aa midomoni mwake. Nilitamani kutapika kwenye lile kopo lake.

“Basi umuambie Mama Zaina leo,” nilisema. “Nkambo angali anapumua. Tutaanza upya. Nitaandika miye mwenyewe.”

“Nimuambie kama sijue? Kichwa yangu nitaiweka wapi?”

“Nkambo atakufa na nyimbo!”

“Hata miye nitakufa,” akajibu, na ukucha ukaenda sikioni.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mama Zaina, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifanyia jambo ambalo ningefanya hata mimi. Alimwita Mwalimu aje aseme mbele yangu. Akaja, shati jeupe, akaketi kwenye mkeka aliousuka mama yule, akaapa. Aliapa kwa Mungu, mbele ya Nkambo aliyelala kwenye godoro pale pale. “Mama, kazi yako iko. Inalala tu. Huyu mutoto amepata biro, sasa anazarau mwalimu wake.”

Mama Zaina alimmiminia Mwalimu chai. Nilipiga magoti mbele ya Nkambo, nikamsihi aimbe tena, hata wimbo mmoja, wa uso peke yake. Kikongwe alifungua macho.

“Nimeshatoa yote,” akasema. “Mwalimu anayo.”

Mwalimu aliinamisha kichwa kama mtu anayesifiwa. Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia yule wakati ule, na umri haujaipunguza chuki hiyo.

Nkambo alizikwa kabla mvua hazijarudi. Harusi ya Zaina ilifuata baada ya matanga. Nilikuwepo. Wanawake walimzunguka binti, beseni likawekwa, Mama Zaina akafungua kinywa kuanza wimbo wa miguu. Neno la kwanza lilitoka. La pili hakulipata. Alijaribu tena, sisi tukasubiri kuitikia, hapakuwa na cha kuitikia. Zaina akaoshwa kimya, kopo likichota maji, maji yakimwagika, kana kwamba ni mtu anayeoga baada ya shamba. Alilia, lakini si kilio kile cha wimbo wa uso. Mwalimu hakuonekana mazishini wala harusini. Tuliambiwa amekwenda Mpala kutafuta dawa ya kifua.

Maji ya ziwa yalipopanda, chumba chake kiliingiwa, mashine zikaoza. Sikusikitika hata kidogo. Watu wakanunua simu kubwa na kompyuta zao wenyewe, wakahifadhi wenyewe, na jina la Mwalimu likabaki kwa sisi tuliomjua. Miaka ikapita sikumwona.

Mwaka huu, siku moja mchana, alisimama kwenye mlango wa ofisi yangu. Amekonda, shati bado jeupe, kola imechanika na kushonwa. Aliniamkia kwa kuinama, yeye aliyekuwa akitupigia ting kwa rula.

“Nimesikia mudogo ya Zaina anaolewa,” alisema.

“Anaolewa. Kwani weye inakuhusu nini?”

“Ule wimbo wa miguu, niko nao. Nilikuwa nasikia. Ni luga ya mama yangu.”

Nilidhani anadanganya tena, na nusura nimfukuze. Lakini jambo hilo halikuwa langu kulikataa. Nilichukua kompyuta yangu ndogo, tukapanda pikipiki mbili, maana ya pamoja nisingeweza, tukaenda kwa Mama Zaina.

Mama yule sasa nywele ni nyeupe. Alipomwona hakusimama. Nilimweleza, akainuka akafunga mlango, akajifunika kichwa, akaniambia niketi katikati yao. Akasema, “Aimbe.”

Mwalimu alikohoa. Akatafuta pa kutemea, hakupaona, akameza. Kisha akaimba. Sauti iliyotoka mle, katika kinywa kile chenye meno yaliyooza, ilikuwa safi, na nyembamba kama ya mama mtu mzima. Iliniudhi kuliko harufu yake. Niliandika kila neno, nikamrudisha, nikaandika tena, nikahifadhi mara mbili. Mama Zaina alianza kuitikia kabla hajajua kwamba anaitikia.

“Njo yenyewe,” alisema wimbo ulipokwisha. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. “Sasa wa mikono.”

Mwalimu alitazama mkeka.

“Wa mikono, Mwalimu.”

“Ule siku zingine… joto ilikuwa mingi, Mama. Nilikuwa nasinzia.”

“Wa mgongo?”

Aliivuta ile kola iliyoshonwa.

“Na wa uso?”

Alitikisa kichwa. Mkono ukapanda sikioni, ule ukucha ukaingia, akaanza kuchokonoa, mbele ya mama yule, mbele ya mkeka wake. Nilisimama nimtoe nje. Nilimchukia kwa nyimbo zile tatu, na kwa huu mmoja nikamchukia zaidi, kwa sababu ulinionyesha zote zilikuwa karibu kiasi gani, masikioni mwa mtu aliyekuwa akisinzia.

Mama Zaina alinishika kitenge, akanirudisha chini. Hakumtazama tena Mwalimu. Alinitaka nimsomee wimbo kutoka mwanzo, nikamsomea, naye akaufuata kwa midomo mpaka akaushika. Uani, binti yake mdogo, yule anayeolewa, alikuwa anatwanga, na tulisikia mchi. Mama Zaina alisikiliza mchi ule kidogo, akajifuta uso kwa upande wa ndani wa ushungi.

“Basi,” akasema, “tutamuosha miguu.”